Kuichunga T Coronae Borealis nikiwa Iringa: shajara ya kamera ya mtumba na ubao wa mninga

12 Mei 2024: Naanza

Jioni ya leo nimeanza rasmi kuichunga nyota moja. Inaitwa T Coronae Borealis, kwa kifupi T CrB, na siku za kawaida huioni kwa macho matupu, kwa sababu mwangaza wake ni magnitudo 10 hivi. Lakini usiku wa tarehe 12 Mei 1866, tarehe kama ya leo, John Birmingham wa Tuam, Ireland, alikuwa anarudi nyumbani kutoka kwa rafiki yake akaona nyota ngeni katika kundi la Corona Borealis, inang'aa sawa na nyota kubwa ya kundi lile. Ikafifia baada ya siku chache. Februari 1946 ikalipuka tena. Ukihesabu miaka 80 kutoka hapo unafika kwetu, na ndiyo maana wataalamu wengi wanasema wakati wake umekaribia.

Kwa ambaye hajazoea: magnitudo zinahesabiwa kinyume. Namba ikishuka, mwanga umepanda, na tofauti ya magnitudo 5 ni mara 100 kamili. Kutoka 10 hadi 2, ambako T CrB hufika ikilipuka, ni kama mara 1,600. Kinachosababisha ni nyota mbili zinazozungukana kila siku 227 na nusu, moja jitu jekundu (nyota iliyovimba), nyingine kibete cheupe (mabaki madogo na mazito ya nyota). Jitu linavuja hidrojeni, kibete kinaipokea na kuirundika juu ya uso wake miaka na miaka, mpaka tabaka lile linabanwa na kupata joto la kutosha kuwaka lote kwa mpigo. Hiyo ndiyo nova. Kibete chenyewe hakidhuriki, kinaanza kukusanya upya. Supanova ni habari nyingine, kwani huko nyota hulipuka yenyewe na haina marudio.

Nimechagua nova kwa sababu ya vifaa nilivyonavyo. Supanova nyingi ziko kwenye galaksi za mbali, na bila darubini kubwa huwezi kuzifikia. Ile ya Mei 2023 kwenye galaksi ya M101, aliyoigundua Koichi Itagaki wa Japani, ilikuwa karibu magnitudo 15 siku aliyoiona. Mimi nina kamera ya Canon 1100D niliyoinunua mtumba kwa shilingi 380,000, lenzi ya milimita 50 (170,000), stendi (65,000) na darubini ya macho mawili ya 10×50 (130,000). Kwa vifaa hivi galaksi siziwezi. Nyota za Kilimia na za Njia ya Maziwa naziweza.

Mahali ni shambani kwa mjomba wangu, Kalenga, ambako taa za mji ni mwanga mdogo tu upande wa mashariki. Corona Borealis inapanda upande wa kaskazini hadi digrii 56 juu ya upeo, kwa hiyo haina shida ya miti. Kuipata T CrB: tafuta nyota ya Epsilon kwenye nusu duara la nyota za Corona Borealis, kisha sogea digrii moja kusini, yaani upana wa mwezi mpevu mara mbili.

Naanza nikiwa na kisa cha Leslie Peltier kichwani. Alikuwa mtazamaji wa Ohio, Marekani, asiye msomi wa chuo, akaichunga nyota hii hii zaidi ya miaka 25. Usiku wa Februari 1946 aliamka usiku wa manane kama alivyopanga, akaona anga ni safi, akajihisi mafua yanamwanza, akarudi kitandani. Ni usiku ule T CrB ililipuka.

9 Juni 2024: Wiki nne za picha zisizopimika

Nimepiga usiku 11. Picha zote za usiku 9 wa mwanzo hazifai kupimia, na kosa ni langu.

Niliacha kamera kwenye JPEG, aina ya faili ndogo iliyobanwa, kwa sababu kadi ilikuwa inajaa haraka. Ukiangalia picha kwa macho huoni tatizo. Tatizo ni kwamba kamera inapotengeneza JPEG inaunyanyua mwanga hafifu na kuubana mwanga mkali ili picha ipendeze. Nyota yenye mwanga mara mbili ya jirani yake haibaki mara mbili tena. Nikipima nyota mbili ambazo mwangaza wake unajulikana, tofauti yao ilitoka 0.7 badala ya 1.2. Nikadhani nakosea hesabu, nikarudia siku tatu. Hatimaye nikapiga picha mbili mfululizo za sehemu moja, moja JPEG na nyingine faili ghafi (RAW), nikapima zote. Faili ghafi ikatoa 1.2.

Basi: faili ghafi tangu usiku wa kwanza. Kadi kubwa ni 25,000, nimenunua.

Kosa la pili lilikuwa kupima rangi zote tatu kwa pamoja. T CrB ikiwa imetulia, mwanga tunaouona ni wa jitu jekundu, na ukichanganya chaneli nyekundu unaipata imeng'aa kuliko wanavyoipata wenzako. Yangu ilizidi kwa karibu 0.4. Sasa natumia chaneli ya kijani peke yake, ndiyo iliyo karibu na kipimo kinachotumiwa na watazamaji wote.

Mengine kwa kifupi, kwa anayeiga: ISO 800, lenzi kwenye f/2.8, sekunde 4 bila kufuata nyota, picha 20 za kupandanisha. Programu ya ASTAP ni ya bure, inatambua yenyewe sehemu ya anga na inapima. Ramani zenye nyota za kulinganishia zinatoka AAVSO, chama cha watazamaji wa nyota zinazobadilika kilichoanzishwa Marekani mwaka 1911. Kujisajili na kutuma vipimo ni bure. Kwenye ramani zao 98 maana yake 9.8, hawaweki nukta ili usije ukaidhania nyota.

Jambo moja lilinichanganya nikamwuliza mjomba bila kujua namwuliza. Usiku wa mawingu mepesi sikuiona T CrB kabisa, wala kwenye darubini wala kwenye picha. Nyota hafifu kuliko zote niliyoweza kuipata ilikuwa ya 9.2. Nilitaka kuacha ukurasa mtupu. Mjomba alikuwa anafunga zizi.

"Mjomba, kila jioni unahesabu mbuzi. Si unawajua kwamba wapo?"

"Nawajua wapo kwa kuwa nimewahesabu, mwanangu. Usipohesabu leo, kesho akipungua mmoja utasema amepotea lini?"

Nikaandika: hafifu kuliko 9.2. AAVSO wana nafasi ya kuandika hivyo hivyo, kwa alama ya "ndogo kuliko". Nyota ikilipuka, mtu atataka kujua saa ya mwisho iliyothibitishwa kwamba bado, na huenda Afrika Mashariki usiku ule nilikuwepo mimi peke yangu.

3 Agosti 2024: Saa za Kiswahili

Kosa hili sijaliona kwenye mwongozo wowote, kwa hiyo nalieleza lote.

Daftari langu naliandika gizani kwa tochi nyekundu, na naandika saa kama ninavyozisema. Saa mbili na dakika arobaini usiku, naandika 2:40. Kutuma, AAVSO wanataka saa za dunia, zile za Greenwich, nasi tuko mbele yao kwa saa tatu. Nikakaa mezani mchana, nikaichukua 2:40, nikatoa 3, nikapata 23:40 ya jana yake. Nikatuma. Nikafanya hivyo kwa vipimo 41.

Saa mbili na dakika arobaini usiku ni 20:40 ya saa za kizungu, yaani 17:40 ya Greenwich. Vipimo vyangu vyote vilikuwa nyuma kwa saa 18. Kwa nyota iliyotulia hakuna ambaye angegundua. Kwa nova inayopanda magnitudo kadhaa ndani ya saa chache, kipimo kilichokosewa saa 18 kinamwambia mtafiti kwamba nyota ililipuka kabla haijalipuka.

Niligundua kwa bahati. Nilikuwa naangalia mchoro wa vipimo vyangu nikaona kimoja kimeandikwa saa ambayo hapa Iringa ni kati ya mchana. Moyo ulinidunda. Nimetumia Jumamosi nzima kusahihisha kimoja kimoja. Mfumo wao unakuruhusu kuhariri vya kwako.

Kanuni ninayoitumia sasa imebandikwa ndani ya jalada la daftari: saa ya Kiswahili ya usiku, ongeza 15. Saa 2 usiku, 17. Saa 4 usiku, 19. Tarehe ni ile ya jioni ulipoanza. Ukizidi 24, toa 24 na uongeze siku moja: saa 10 alfajiri ni 25, basi ni 01 ya siku inayofuata. Saa 9 usiku inaangukia 24, yaani sifuri kamili ya siku inayofuata. Nimeijaribu kwa vipimo vyote 41 na haijakosea.

20 Oktoba 2024: Ubao wa kufuata nyota

Sekunde 4 hazitoshi kufika magnitudo 10 kwa uhakika. Nyota ikitulia mahali pamoja kwenye picha kwa sekunde 30, hali inabadilika kabisa. Vifaa vya dukani vya kufuata nyota ni ghali kuliko vitu vyangu vyote kwa pamoja, kwa hiyo nimetengeneza ule wa mbao mbili: mbili zimeunganishwa kwa bawaba, na bolti inasukuma ubao wa juu taratibu unapoizungusha mkono, mzunguko mmoja kwa dakika. Kamera inakaa juu. Bawaba ikielekea ncha ya anga, yaani nukta ambayo nyota zote zinaonekana kuizunguka, ubao unazunguka kwa mwendo wa dunia.

Mabaki ya mninga kwa fundi seremala 12,000. Bawaba 5,000. Bolti ndefu na nati zake 3,500. Kutoboa 5,000, halafu 5,000 tena, na hiyo ya pili ndiyo hadithi.

Kosa la kwanza: pembe. Mchoro nilioufuata ulichorwa na watu wanaoishi latitudo ya 40, wanaoinua bawaba digrii 40. Niliinakili bila kufikiri. Picha zikatoka na mistari mirefu kuliko nilivyokuwa sina ubao. Iringa iko karibu digrii 8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo ncha ya kusini ya anga iko digrii 8 tu juu ya upeo, na bawaba yetu inatakiwa ilale karibu mlalo. Nimeweka kabari ya mbao chini yake, nikaipima kwa pima maji na hesabu ya pembetatu: sentimita 4.2 kimo kwa kila 30 za urefu.

Kosa la pili: upande. Mchoro ule ni wa kizio cha kaskazini. Wao wakitazama ncha yao, bawaba inakaa mkono wa kushoto. Sisi tunatazama kusini, na kushoto kwetu ni mashariki. Ubao wangu ulikuwa unazikimbia nyota. Usisome kushoto na kulia. Soma hivi: bawaba ikae upande wa magharibi, popote ulipo duniani.

Kosa la tatu ndilo lililonila wiki mbili. Pembe sawa, upande sawa, na bado nyota zilivutika pikseli tano kila picha. Nikalaumu upepo. Nikalaumu mkono wangu. Nikafunga jiwe chini ya stendi. Mwishowe nikaweka bolti juu ya rula na kuhesabu hesi: nyuzi kumi zilichukua milimita 12.5. Mchoro ulidhani bolti ya milimita 6, ambayo kila mzunguko inasogea milimita 1, na kwa hiyo tundu likae milimita 228.5 kutoka kwenye bawaba. Mimi nilinunua ya milimita 8 kwa sababu ilionekana imara, na yenyewe inasogea 1.25. Ubao ulikuwa unakwenda robo zaidi ya kasi inayotakiwa. Kuzidisha tu: 228.5 mara 1.25 ni 285.6. Nikamrudia fundi, akatoboa tundu jipya.

"Dada, si ungenipa kipimo hiki tangu mwanzo?"

"Kaka, na mimi ndiyo nimekijua leo."

Kwa anayeiga: nunua bolti kwanza, pima hesi zake kwa rula, ndipo utoboe. Umbali wa tundu kwa milimita ni 228.5 mara urefu wa hesi moja.

Bado kulikuwa na kuijua kusini halisi. Nyota ya kuongozea karibu na ncha ya kusini ni hafifu, na kwetu iko chini kabisa ndani ya ukungu wa upeo na nyuma ya vilima. Kwa hiyo natumia jua. Unatundika timazi, unafuata kivuli chake, na kinapokuwa kifupi kuliko vyote kinaonyesha mstari wa kaskazini na kusini. Hapa Iringa hiyo si saa sita kamili bali kati ya dakika 20 na 50 hivi baadaye, kutegemea mwezi. Nilikwenda Kalenga mchana wa tarehe 13 Oktoba na timazi, vigingi na kamba. Ilipofika adhuhuri kivuli kilinywea, kikanywea, kikaisha. Jua lilikuwa utosini. Uzi ulining'inia juu ya ardhi iliyong'aa pande zote, na kitone cha risasi chini yake kimekanyaga kivuli chake chenyewe.

Nikarudi wiki hii na njia ya wazee wa ujenzi. Simamisha mti wa mita moja, weka alama ncha ya kivuli saa nne asubuhi, chora duara kwa kamba kupitia alama hiyo, ngoja alasiri kivuli kirudi kugusa duara upande wa pili. Mstari kati ya alama mbili ni mashariki na magharibi. Nimepigilia vigingi viwili vya chuma na havitoki tena.

Picha ya jana: sekunde 30, nyota ni nukta.

24 Novemba 2024

T CrB imepotea kwenye mwanga wa jua. Itaonekana tena alfajiri kuanzia mwakani. Wakati huu wa pengo natengeneza picha za rejea za makundi ya nyota ya kusini: Carina, Vela, Centaurus, kila moja ya digrii 25 kwa 17. Mvua zimeanza.

28 Machi 2025: Tarehe iliyotabiriwa

Mwaka jana mtafiti wa Paris, Jean Schneider, alilinganisha milipuko ya zamani na mizunguko ya zile nyota mbili, akatoa tarehe zinazowezekana. Ya kwanza ilikuwa jana, 27 Machi.

Nililala Kalenga usiku tatu mfululizo. Usiku wa kwanza mvua. Wa pili mvua mpaka saa nane, kisha mawingu yenye matundu. Nilipata picha sita, hafifu kuliko 8.5. Jana alfajiri mbingu ilifunguka saa kumi na dakika kumi, na nusu duara la Corona Borealis likatokea juu ya paa la zizi, limekamilika, nyota saba zile zile. Magnitudo 10 kama kawaida. Nimetuma za usiku mbili, na ule usiku wa mvua nimeuandika daftarini tu kwamba hapakuwa na anga.

Mjomba alinikuta jikoni nawasha moto.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Imelipuka?"

"Bado."

Akaweka kuni nyingine. Ananiuliza kila ninapokuja, na hajawahi kuniambia niache.

4 Mei 2025: Nusura nitangaze asteroidi

Jana usiku nilikuwa najaribu ubao kwenye kundi la Libra, kwa sababu linapita utosini kwetu, na nyota zilizo karibu na ikweta ya anga ndizo zinazokwenda kasi kuliko zote kwenye picha. Ubao ukitulia hapo, umetulia kote. Nikalinganisha picha na atlasi ya nyota. Ukingoni, karibu na Virgo, kulikuwa na nyota isiyokuwemo kwenye atlasi. Si hafifu hata kidogo: magnitudo 5.7.

Mikono ilinitetemeka. Nikaangalia picha zote 12, ipo katika zote. Si ndege, si satelaiti, si doa la kamera, maana nilikuwa nimeisogeza kamera kati ya picha ya sita na ya saba, nayo ilisogea pamoja na nyota. Nikafungua akaunti kwenye TNS, mfumo ambako ugunduzi wa aina hii huripotiwa duniani, nikajaza fomu: nafasi, saa, mwangaza. Mdogo wangu wa kidato cha nne alikuwa ananisubiri nimalize alale.

"Dada, umeangalia kama haitembei?"

Sikuwa nimeangalia. Nikaiacha fomu bila kutuma, na leo jioni nikapiga tena. Ile nyota ilikuwa imehama pikseli 42. Kwa lenzi hii pikseli moja ni sekunde 21 za tao (digrii moja ina 3,600), kwa hiyo imetembea robo ya digrii, nusu ya upana wa mwezi, kwa siku moja. Ilikuwa Vesta, asteroidi inayong'aa kuliko zote, ambayo tarehe 2 Mei ilikuwa mkabala na jua, ikiwa kwenye mwanga wake mkubwa kabisa wa mwaka.

Utaratibu wangu tangu leo, kabla ya kufungua fomu yoyote: kwanza orodha ya asteroidi za usiku huo (ASTAP yenyewe inaziweka juu ya picha ukipakua data yake), kisha orodha ya nyota zinazobadilika zinazojulikana, kisha picha ya pili saa mbili baadaye. Vesta ingejionyesha kwa hatua ya kwanza, bila kungoja siku.

Naiandika hapa wazi kwa sababu taarifa ya uongo inawatoa watu kwenye darubini zao. Mtu wa Australia au Chile angeacha kazi yake kwenda kuangalia jiwe.

22 Juni 2025: V462 Lupi, na kadi iliyokaa siku mbili

Sasa kuna nova kweli, na ni ya upande wetu wa anga. Mradi wa ASAS-SN, unaopiga picha anga lote kila usiku kwa kamera zake za kujiendesha, uliinasa tarehe 12 Juni katika kundi la Lupus ikiwa magnitudo 8.7. Imepewa jina V462 Lupi. Kabla ya hapo ilikuwa hafifu mno kiasi kwamba hakuna mtazamaji wa kawaida angejua ipo.

Nilisikia habari Jumatatu tarehe 16. Na hapa ndipo panaponiuma: Jumamosi tarehe 14, saa moja na dakika arobaini na tano usiku, kabla mwezi haujachomoza, nilikuwa nimeipiga picha Lupus. Kadi ikabaki ndani ya kamera kwa sababu nilikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha. Nilipoifungua Jumatatu, ile nukta ilikuwepo, kati ya Delta Lupi na Kappa Centauri, imekaa mahali ambapo picha yangu ya tarehe 1 Juni haina kitu. Siku mbili nzima ilikuwa mfukoni mwangu.

Nisingekuwa wa kwanza, ASAS-SN walishaipata. Lakini nova ikiwa bado inapanda, kila kipimo kina thamani, na vile vya saa zetu ni vichache, kwani kwetu giza linapoingia, Australia wanaelekea alfajiri na Amerika ya Kusini bado ni mchana. Nimetuma kipimo cha tarehe 14 kikiwa kimechelewa. Na nimetuma cha tarehe 1: hafifu kuliko 10.1. Hicho nilikituma kwa furaha kuliko chote.

Kanuni mpya: kadi haivuki usiku. Kupandanisha, kupima na kulinganisha na picha ya rejea kunanichukua dakika 25. Nafanya kabla ya kulala, hata kama ni saa saba.

Juzi nilimwita mjomba na shangazi nje. Mwezi ulikuwa haujatoka, kipupwe kimekaza, anga kama limeoshwa. Kwenye darubini ilikuwa wazi kabisa. Kwa macho matupu ilihitaji kutazama pembeni kidogo, lakini ipo. Shangazi alishika darubini kwa mikono yote miwili, kanga imemfunika hadi kichwani, akakaa kimya muda mrefu.

"Hii haikuwepo mwezi uliopita?"

"Haikuwepo, shangazi. Ninayo picha."

"Nionyeshe hiyo picha."

Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera, ile ya tarehe 1 Juni, nikamwekea kidole mahali patupu. Akatazama kidole changu, akatazama juu, akarudia mara tatu.

29 Juni 2025: Ya pili

Sikutegemea kuandika tena ndani ya wiki. Tarehe 25 Juni ikaripotiwa nova nyingine, kwenye Vela, sasa V572 Velorum. Safari hii si mtambo ulioiona. Ni John Seach wa Australia, kwa kamera na lenzi ya milimita 50, aina ile ile ya kazi ninayoifanya mimi. Ni yeye aliyegundua pia ile ya Centaurus ya Desemba 2013 iliyofika hadi magnitudo 3.3. Kwa mashine zinazotafuta vitu hafifu, nyota inayong'aa sana inafurika kwenye kamera, na hapo ndipo mtu mwenye lenzi ndogo anapata nafasi yake.

Tarehe 27 niliikuta magharibi kusini, digrii 28 juu ya upeo, saa moja na nusu usiku. Iling'aa kuliko ile ya Lupus. Novae mbili zinazoonekana bila darubini usiku mmoja, zote mbili za kusini. Nimepima zote mbili siku tatu mfululizo. Picha ya rejea ya Vela ni ile niliyoipiga Novemba nikiwa nangoja T CrB itoke kwenye mwanga wa jua.

17 Agosti 2025: Umande, na hesabu hadi leo

Mwezi wa saba umande ulinitoa usiku sita. Lenzi inapoa kuliko hewa, inafunikwa na ukungu, na kwenye picha nyota zinafifia taratibu, kiasi kwamba nilidhani V572 imeshuka ghafla. Nilishtuka nilipoona nyota za kulinganishia nazo zimeshuka.

Dawa ni pete ya rezista inayozunguka lenzi, inayolishwa na pawabenki (35,000). Jaribio la kwanza nilitumia rezista ndogo za robo wati, 800 kwa zote nane. Zikanuka moshi baada ya dakika nne, moja ikapasuka. Sasa ni rezista nane za ohm 47 zenye uwezo wa wati moja, zimeungwa sambamba na kushonwa ndani ya kipande cha soksi ya sufu. Kwa volti 5 zinatoa wati 4 na kidogo, lenzi inabaki vuguvugu tu. Rezista 2,400, waya 2,000. Usiku nne sasa bila umande.

Gharama yote ya vifaa, pamoja na vilivyoungua na tundu lililotobolewa mara mbili: 840,700. Nauli za Kalenga, safari 38 kwa 4,000: 152,000. Anayeanza na kamera na lenzi alizonazo tayari, na akapima hesi kabla ya kutoboa, atatumia chini ya nusu.

T CrB: vipimo 63, na "hafifu kuliko" 29. V462 Lupi: 17. V572 Velorum: 11, nayo inaendelea kushuka.

Corona Borealis sasa inaelekea magharibi mapema. Nina wiki kadhaa tu kabla haijazama kwenye mwanga wa jioni. Jana, saa 2:05 usiku, yaani 17:05 ya Greenwich: magnitudo 9.9. Mjomba ameuliza. Bado.